Kapiteni Maconochie na Wafungwa wa Kisiwa cha Norfolk

Katika bonde letu la Kilombero hakuna asiyejua magereza ya Idete na Kiberege. Na mara kwa mara hutokea huku Lumemo na Ifakara kwamba mtu aliyehukumiwa kifungo cha miaka mitatu huonekana nyumbani baada ya miaka miwili tu. Hapo majirani huanza kunong'onezana. Mmoja husema ametoroka. Wa pili husema ndugu zake wametoa rushwa. Wa tatu huhesabu miezi kwa vidole vyake, akaona kweli haikutimia. Na yule aliyerudi, akiisha kusikia maneno hayo, huona haya kupita njiani mchana.

Lakini mtu huyo hakutoroka, wala hakuna aliyepewa rushwa. Sheria ya magereza ya Tanzania iliyotungwa mwaka 1967 humpa mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake, akiwa ni mtu wa bidii katika kazi na mwenye mwenendo mwema. Aliyepewa miaka mitatu aweza kutoka baada ya miwili, na aliyepewa sita baada ya minne. Akivunja amri za gereza, aweza kupoteza siku hizo. Aliyefungwa maisha hamo katika hesabu hii. Nchini Kenya pia hutumika theluthi hiyo hiyo.

Yafaa basi tujue desturi hii ilitoka wapi. Haikuanzishwa na mtu mmoja tu, maana jimbo la New York katika Marekani lilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1817. Lakini aliyeifikiri kwa kina kuliko wengine wa zamani zake, akaijaribu mahali palipokuwa pabaya kuliko pote, na kupata hasara kwa ajili yake, ni mtu wa Scotland, jina lake Alexander Maconochie. Tusimulie maisha yake.

Alizaliwa mjini Edinburgh mwaka 1787. Baba yake alikuwa mwanasheria, akafa mtoto angali mdogo, na jamaa yake mmoja, ambaye baadaye alikuwa hakimu mkuu, akamlea. Walidhani atasoma sheria, lakini moyo wake ulipenda bahari. Mwaka 1803 akaingia katika manowari za Uingereza, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Wakati ule Waingereza walikuwa wakipigana na Napoleon, mfalme wa Wafaransa.

Mwishoni mwa mwaka 1811 chombo chake kilipatwa na dhoruba karibu na pwani ya Uholanzi, nchi iliyokuwa chini ya Wafaransa, na mabaharia wote wakatekwa. Wakaendeshwa kwa miguu katika baridi kali ya majira yale mpaka mji wa Verdun katika Ufaransa. Huko Maconochie alikaa mateka zaidi ya miaka miwili, hata Napoleon aliposhindwa mwaka 1814. Wengi katika siku zake waliandika vitabu juu ya magereza, lakini walikuwa wameyaona kwa nje. Yeye alijua kwa mwili wake mwenyewe jinsi mtu anavyokuwa asipojua siku ya kutoka kwake.

Vita vilipokwisha alirudi kwao, akaoa, akazaa watoto, akajitia katika elimu ya nchi na bahari za dunia. Mwaka 1830 watu wa London walipounda Chama cha Jiografia, yeye alikuwa katibu wake wa kwanza. Chama hicho ndicho kilichowatuma Burton na Speke mwaka 1857 kupita katika nchi yetu kutoka pwani mpaka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1833 akafanywa mwalimu mkuu wa elimu hiyo katika chuo kikuu cha London, naye alikuwa wa kwanza kuwa na cheo hicho huko. Kama angalikaa pale, angalikufa mtu wa heshima na mwenye raha.

Lakini rafiki yake, Sir John Franklin, akawekwa kuwa gavana wa kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, upande wa kusini wa Australia, akamwomba aende naye kuwa mwandishi wake. Wakafika huko mwanzo wa mwaka 1837. Kisiwa kile kilikuwa mahali pa kupelekea wahalifu wa Uingereza. Waliletwa kwa merikebu maelfu kwa maelfu, wengine kwa kosa la kuiba nguo au kondoo, wakagawiwa kwa wenye mashamba wawafanyie kazi pasipo mshahara. Mfungwa akikosa adabu, alipigwa kwa mjeledi.

Maconochie alikuwa ameombwa na chama kimoja cha London atazame mambo hayo na kuyaandika. Akayatazama, akaona ya kuwa kazi ile ilikuwa utumwa kwa jina jingine, nayo ilimharibu mfungwa na bwana wake pamoja. Akaandika hivyo bila kuficha. Taarifa yake ikafika London mwaka 1838, ikachapishwa, na kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza habari za wafungwa ikaitumia. Watu wakubwa wa Tasmania walipoisoma walikasirika sana, kwa kuwa mali yao ilitokana na kazi ya wafungwa. Franklin akamwondoa katika kazi yake. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza aliyoipata.

Katika siku zile mawazo yake yalikomaa. Alisema kwamba hakimu hukosea anapompimia mhalifu adhabu kwa muda tu. Mtu akiambiwa akae miaka saba, basi hukaa miaka saba. Akiwa mvivu itakwisha, akiwa na bidii itakwisha vile vile. Kwa hiyo hana sababu ya kujitahidi, naye hujifunza jambo moja tu, yaani kupoteza wakati. Afadhali adhabu ipimwe kwa kazi na mwenendo. Mfungwa apewe deni, alilipe kwa jasho na adabu. Siku atakapolimaliza, atoke. Akitaka kulimaliza upesi, alimalize. Asipotaka, yeye mwenyewe ndiye anayejifunga.

Deni hilo aliliweka katika hesabu ya alama. Aliyepasiwa kifungo cha miaka saba atimize alama 6,000. Wa miaka kumi, alama 7,000. Na wa maisha, alama 8,000. Kwa siku moja mtu aliyefanya kazi vema aliweza kupata alama kumi. Lakini chakula kizuri na vitu vingine alivyovitaka vilinunuliwa kwa alama hizo hizo. Hivyo mwenye kupenda anasa alichelewa kutoka, na mwenye kujinyima aliwahi. Akikosa, alitozwa alama badala ya kupigwa. Baada ya muda wa kwanza wafungwa walitiwa katika vikundi vya watu kama sita, na kosa la mmoja liliwapunguzia wote, wapate kujifunza kuchungana kama watu wa nyumba moja.

Serikali ikampa mahali pa kuijaribu hesabu yake. Wakampa kisiwa cha Norfolk.

Kisiwa hiki ni kidogo, eneo lake lapata kilometa za mraba 35, nacho ki peke yake katika bahari kuu, mbali sana na Australia upande wa mashariki. Kina rutuba na miti mirefu mizuri. Lakini tangu mwaka 1825 kilikuwa mahali pa kutupia wafungwa waliotenda makosa tena baada ya kuletwa Australia, na sifa yake ilikuwa ya kutisha. Watu walipigwa mpaka nyama ikatoka mifupani. Mwaka 1834 wafungwa waliasi, na watu 13 wakanyongwa. Padre mmoja, Ullathorne, alitumwa kuwaambia nani atakufa na nani ataishi. Akashangaa kuona waliosamehewa wakilia, na waliohukumiwa kufa wakipiga magoti na kumshukuru Mungu.

Kwa watu hao Maconochie alifika mwezi wa Machi mwaka 1840, pamoja na mke wake na watoto wake. Wafungwa walikuwa zaidi ya elfu moja. Akawakusanya, akawaeleza habari za alama. Akauondoa mti wa kunyongea uliokuwa ukisimama daima mbele ya macho yao. Akawapa wengi wao vipande vya ardhi walime bustani, akaleta vitabu, akaweka shule, akajenga makanisa mawili, moja la Waprotestanti na moja la Wakatoliki. Tena aliruhusu makaburi ya wafungwa yawekwe mawe yenye majina yao, jambo lililokuwa halijaruhusiwa.

Tarehe 25 Mei mwaka ule ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa Malkia Victoria. Asubuhi yake Maconochie akafungua malango, akawaacha wafungwa wote watembee kisiwani siku nzima. Wakala nyama, wakapewa pombe kidogo katika maji ya ndimu wapate kumtakia Malkia heri, wakacheza mchezo wa kuigiza, na usiku zikawashwa fataki. Watu waliodhaniwa kuwa wanyama wa mwitu walitembea kati ya wake na watoto wa maofisa. Jioni tarumbeta ilipolia, wote wakarudi mahali pao. Hakuna aliyepigwa, hakuna kilichoibiwa.

Habari hiyo ilipofika Sydney watu walicheka na kukasirika. Gavana Gipps, aliyekuwa mkubwa wake, aliona amekwenda mbali kupita amri. Maana amri aliyopewa Maconochie ilikuwa kutumia alama kwa wafungwa wapya tu waliotoka Uingereza moja kwa moja, si kwa wale wa zamani. Yeye aliona haiwezekani kuweka sheria mbili katika kisiwa kimoja, wengine wakipewa tumaini na wengine wakinyimwa, akawapa wote.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe wa kazi yake, tena ndipo penye kosa lake. Maconochie alikuwa na uwezo wa kuandika alama kitabuni, lakini hakuwa na uwezo wa kufungua mlango. Kufupisha kifungo kulikuwa mkononi mwa gavana huko Sydney na mawaziri huko London, nao hawakuwa wameahidi neno. Wako wafungwa waliotimiza alama zao kwa taabu, wakaja kudai, wakaambiwa wangoje. Ahadi ilikuwa imetolewa na mtu asiyekuwa na mamlaka ya kuitimiza. Ni ajabu kwamba wengi wao waliendelea kumwamini. Lakini hesabu yoyote ya mwenendo mwema hufa mara moja, ikiwa mtu ametimiza sehemu yake na wakubwa hawatimizi yao.

Nguvu ya kazi yake yaonekana katika habari za mtu mmoja, Charles Anderson. Alikuwa baharia aliyejeruhiwa kichwani katika vita vya Navarino mwaka 1827, na tangu hapo alipokunywa pombe alikuwa hajiwezi. Akafungwa kwa kuvunja maduka, akapelekwa Australia. Kila alipopigwa alizidi ukali, akatoroka, akapigwa tena. Mwisho walimfunga kwa mnyororo juu ya mwamba katika kisiwa kidogo ndani ya bandari ya Sydney. Akakaa hapo muda mrefu, akilala katika shimo la jiwe, chakula chake kikisukumwa kwa mti, na watu wa mjini wakipita na mashua kumtazama na kumtupia makombo kama nyani. Baadaye alimwua msimamizi mmoja, akapelekwa Norfolk.

Maconochie alimkuta wafungwa wenzake wakimchokoza ili akasirike. Akamtoa kati yao, akampa kazi ya kuwafundisha maksai wakali, akakataza mtu yeyote asimkaribie kumsumbua. Wale maksai wakatulia, naye aliyewachunga akatulia pamoja nao. Kisha akampeleka juu ya kilima kirefu cha kisiwa, awe mlinzi wa mlingoti wa bendera za kuonyesha merikebu zinazokuja, akavikwa nguo za baharia. Gavana Gipps alipokuja kisiwani mwaka 1843 bila kutoa habari, alimwona mtu huyo safi na mwenye adabu akienda kazini, akauliza ni nani. Alipoambiwa ni yule wa mwambani, hakuweza kuamini.

Gavana alikaa siku chache, akatazama kila kitu, akasema na wafungwa. Alikuwa amekuja na mashaka, akaandika taarifa ya kusifu mambo mengi. Lakini alikuwa amechelewa. Barua ya kumwondoa Maconochie ilikuwa imekwisha toka London, kwa sababu ya lawama na gharama. Mwanzoni mwa mwaka 1844 akatoka kisiwani. Katika miaka yake minne wafungwa wapata 1,400 walikuwa wamefunguliwa, na walio wengi hawakurudi katika uhalifu.

Waliomfuata walirudisha mjeledi. Mwezi wa Julai mwaka 1846 wafungwa walinyang'anywa vyombo walivyopikia chakula chao, wakaasi, wakawaua watu wanne wa serikali. Katika mwezi wa Oktoba watu 12 walinyongwa kwa siku moja. Mahali ni pale pale. Kilichoondolewa ni tumaini.

Maconochie akarudi Uingereza, akaandika vitabu. Mwaka 1849 akapewa gereza jipya la mji wa Birmingham, lakini mahakimu waliokuwa juu yake hawakupatana naye, wakamwondoa mwaka 1851. Baadaye kamati ilipochunguza gereza lile iliona ukatili mwingi wa yule aliyefuata baada yake. Lakini ikaona pia kwamba hata Maconochie alikuwa ameruhusu adhabu zisizokuwamo katika sheria. Hatuna sababu ya kuficha jambo hilo. Mtu mwema aliyepewa uwezo juu ya watu wasioweza kujitetea huhitaji kuchungwa na sheria sawasawa na mtu mbaya.

Alikufa mwezi wa Oktoba mwaka 1860, hana mali, na kazi yake ikidhaniwa na wengi kuwa imeshindwa. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha anguka. Tangu mwaka 1854 Sir Walter Crofton alikuwa akitumia alama katika magereza ya Ireland, tena yeye alikuwa na kile alichokosa Maconochie, yaani idhini ya kufungua mlango. Katika miaka ya 1860 magereza makubwa ya Uingereza yakazipokea. Mwaka 1870 wakuu wa magereza wa Marekani walipokutana mjini Cincinnati, walikubali mengi ya mafundisho hayo. Na Waingereza walipotunga sheria za magereza katika nchi walizozitawala Afrika ya Mashariki, upunguzo wa kifungo kwa mwenendo mwema ukaingizwa, nao umedumu baada ya uhuru.

Sasa umekuwa na sura nyingine. Katika sheria ya Kenya, kwa mfano, mfungwa hawekewi alama moja moja kutoka chini. Siku anapoingia huhesabiwa theluthi yake yote, kama kwamba amekwisha ipata, kisha hupunguziwa akikosa. Maconochie alitaka mtu apande ngazi. Hapa mtu huwekwa juu ya ngazi na kuonywa asianguke. Watu wenye hekima bado hujadiliana ni njia ipi iliyo bora. Lakini jambo lililo la maana ni moja katika njia zote mbili: ahadi imeandikwa katika sheria, si katika moyo wa msimamizi mmoja. Wala tusiichanganye na msamaha ambao Rais huweza kuutoa kwa uwezo aliopewa na Katiba, wala na ile sheria ya Tanzania ya mwaka 1994 iliyoweka bodi za kuwaangalia wafungwa wanaofaa kumaliza sehemu ya kifungo chao nje ya gereza. Hayo ni mambo mengine. Theluthi hutokana na bidii na mwenendo wa mfungwa mwenyewe.

Basi turudi Lumemo, kwa yule aliyerudi kabla majirani hawajamaliza kuhesabu. Miaka miwili aliamka kwa amri na kulala kwa amri, akatenda kazi aliyopewa, akajizuia kujibu alipotukanwa. Mwaka ule mmoja ambao jirani anaudai, ameulipa kwa njia hiyo. Serikali imetimiza ahadi yake, ikamfungulia mlango. Lakini sisi tukimpokea kwa minong'ono, tukimnyima kibarua cha kuvuna mpunga, tukimwacha akae peke yake penye ukuta wa nyuma wa kanisa, tumemrudishia mwaka ule tena, wala sisi hatuna kitabu cha alama kinachomwonyesha utakwisha lini.

Mwalimu wa kanisa akisikia kwamba mtu wa namna hiyo amerudi katika mtaa wake, asingoje mpaka aitwe. Aende siku ya kwanza. Na jirani akimwuliza njiani kwa nini mtu yule ametoka mapema, amweleze habari za theluthi waziwazi, kwa sauti ya kusikiwa na watu.